Kisanduku cha Baltazari Kinachouliza Sana

Jumatatu, 3 Machi. Bweri.
Swali hili limenisumbua tangu nikiwa chuo kikuu: swichi, kile kifaa kinachogawa mtandao kwa mashine, inapopokea picha iliyokusudiwa watu wachache, je, impe kila mtu, au isubiri kuombwa? Nimeegemea kuombwa. Sina hakika kama hiyo ni kanuni ya mitandao au ni ubahili wangu tu.

Leo Baltazari, afisa TEHAMA mwenzangu, alirusha somo la majaribio kutoka hapa Musoma hadi madarasa ya chuo chetu yaliyoko Bunda na Butiama. Lilifika. Lilifika pia kwa mhasibu, maktaba na printa ya masjala, ambayo, kwa kadiri nijuavyo, haisomi biolojia. Mtandao ukakwama chuo kizima. Mhasibu alikuja kuuliza nani kalala juu ya kebo. Nikatazama dirishani kwa staha. Furaha iliyoje!

Ijumaa, Mkuu wa Chuo, Mama Euphrasia, atahutubia kampasi zote kwa njia hiyohiyo, kisha atateua mkuu wa kitengo chetu. Ni mimi au Baltazari.

Jumanne, 4 Machi.
Nimeziamuru swichi zote zisikilize kabla ya kugawa. Skrini ikisema inataka picha, inaorodheshwa na kupewa. Printa haisemi kitu, basi inaachwa ilale. Nilimweleza Mama Euphrasia. Akasema ndivyo anavyogawaga nyama ya Krismasi: asiyeleta bakuli anaondoka na harufu. Alinisifu mbele ya Baltazari. Baltazari akakohoa. Kikohozi cha kutunga, nadhani.

Jumatano, 5 Machi.
Ugunduzi! Juu ya kabati la mitambo kuna kisanduku kikuukuu chenye utepe: BALTAZARI, USIGUSE. Sikukigusa. Nilikipeleleza kwa kompyuta. Kila baada ya muda mfupi kinauliza mtandao mzima: nani bado anataka picha? Skrini zinajibu. Kinauliza tena. Kama shangazi yangu wa Mwitongo, ambaye hakuachi uonje uji mpaka umpe hali ya kila ndama. Skrini zimekwisha kuomba. Ya nini kuulizwa upya? Vitabu nilivyosoma havikutaja jambo hili. Au vilitaja, nami nikaruka ukurasa.

Alhamisi, 6 Machi.
Baltazari alikwenda kula sato. Nikakichomoa, nikakifungia kabatini mwangu. Nikajaribu picha: safi kabisa. Nikalikatisha jaribio mapema. Ushindi usichoshwe.

Ijumaa, 7 Machi.
Aibu! Picha ilianza vizuri. Mama Euphrasia alipofika kwenye neno "uvumilivu", akaganda, mdomo wazi. Kampasi zote. Wa Butiama walizima skrini yao na kuiwasha. Akarudi, akahutubia kidogo, akaganda tena. Mwalimu wao, Keraryo, alipiga simu kutuarifu kuwa wanafunzi wanapiga makofi kila anapofufuka.

Nilimshuku Baltazari kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Akaniuliza kisanduku chake kiko wapi. Nikajibu kwamba sizungumzi na mtu anayefoka. Hakuwa amefoka. Tukanuniana mbele ya kabati la mitambo, hotuba ikikata roho.

Ndipo alipopiga simu Mbuke, fundi wetu wa Kabasa, Bunda, mwanamke mwenye shahada mbili na kicheko kisicho na breki.

"Dada Rhobi, swichi zinasahauga. Asipokuwepo wa kuuliza, skrini zinanyamaza, na swichi inadhani wote wamekwenda nyumbani. Nimeshaiweka swichi ya kwangu iwe inauliza. Nyie endeleeni tu kununa, msijichoshe."

Picha ikarudi kote. Ikatulia mpaka mwisho wa hotuba, ambayo ilikuwa ndefu. Mama Euphrasia alitaka kujua nani kaokoa jahazi. Mbuke hakuwa na haya: alimpigia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi.
Mbuke ndiye mkuu wa kitengo.

Nimetafakari kwa utulivu. Hitimisho, la muda: kosa langu halikuwa kukichomoa kisanduku. Lilikuwa kutohakikisha kwanza kwamba Bunda hawana mashine ya namna hiyo. Baltazari aliniletea sambusa, nikamrudishia kisanduku chake, naye amekubaliana nami kuwa ile ya Mbuke inauliza mno. Jumatatu tutakwenda Kabasa kumpongeza. Yeye atabeba soda. Mimi nitabeba bisibisi.

Linalobaki bila jibu ni hili: je, ningekichomoa kile kisanduku kama kingekuwa cha mtu mwingine? Sijui, wala sioni nitakavyojua. Jaribio la haki lingehitaji mashine ya mtu nisiyemwonea kijicho, na katika kitengo chetu cha watu watatu hayupo.