Mgongo wa Kabiru

Jumatatu asubuhi habari ilifika kijiweni kabla chai haijachemka: Kabiru ameonekana Facebook ameshika jembe.

Kwa asiyemjua Kabiru, hiyo si habari. Kwa sisi tunaokalia benchi la Wariara, muuza chai wa hapa Free Area, ni ya kumfanya mtu aweke kikombe chini. Kabiru anauza simu mjini Nakuru, ana kucha safi kuliko za bibi harusi, na tangu mvua ndefu zianze tunamwita Organic. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alijiunga na shamba moja huko Bahati, Pumzi ya Udongo, la Madam Chepkemei aliyerudi kutoka Kanada. Mpango wake ni huu: unalipia mboga za msimu mzima kabla hazijapandwa, halafu kila Alhamisi unaletewa kikapu cha chochote ambacho ardhi imeamua kutoa. Wiki ya managu unakula managu. Wiki ya mvua ya mawe unakula pole.

"Cheki hii maneno," Makhanu akasema, akizungusha simu kila mtu aone. Makhanu tunamwita Hansard, kwa sababu, kama kumbukumbu za Bunge, hasahau neno lolote ulilowahi kusema, hasa lile ambalo ungependa lisahaulike.

Kwenye picha Kabiru alikuwa amevaa gumboot za kijani na kofia kubwa ya makuti, ameinama, chini ya kofia unaonekana mdomo tu, unatabasamu kwa udongo.

"Kule Olkaria tulikuwa tunaingia site na helmet," Weldon akasema. "Huyu anaingia shamba na kofia ya kwenda beach?" Weldon tunamwita Steam. Aliwahi kupata kibarua cha muda mfupi kule kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, Olkaria, na tangu arudi hakuna mazungumzo ambayo hayapitii huko.

Hansard akasoma maandishi chini ya picha kwa sauti ya mtangazaji wa vifo redioni: "Mwanachama wetu akiungana tena na udongo."

"Akiungana tena?" Wariara akauliza kutoka nyuma ya sufuria. "Kwani waliachana lini?"

"Form two," Hansard akajibu. "Alituambia hapa hapa, akikaa hapo umeweka sukari. Alisema, na ninanukuu, 'Mimi na jembe tulimalizana, hata tukipatana barabarani hatusalimiani.'"

Mwenyewe akatokea wakati huo, shati limepigwa pasi, mkononi chupa ya maji yenye kipande cha ndimu.

"Niaje wasee."

Steam alisimama akapiga saluti. "Mkulima!"

"Aah, mmeona," Organic akasema, na nikamwona akijaribu kuchagua kati ya haya na maringo. Alichagua maringo. "Hiyo ilikuwa members' day. Mnaenda shamba, mnashika udongo, mnajua chakula inatoka wapi."

"Lakini si ulilipa wakulimie?" Steam akauliza.

"Nililipa."

"Na hiyo siku ya kushika udongo ni bure?"

"Si bure bure. Kuna kitu kidogo ya gumboots, na lunch."

"Wacha nielewe, buda." Steam akakaa karibu naye kama anayemweleza mgonjwa. "Umelipa mboga. Halafu umelipa ndio uruhusiwe kulima hiyo mboga. Halafu watakuletea mboga umejilimia, na wewe ndio unasema asante?"

"Shida yako unaona biashara. Hii ni relationship. Mvua ikikataa, mimi na farm tunaumia pamoja. Tunashare risk."

"Hata mimi nataka relationship kama hiyo," Wariara akasema. "Nyinyi nyote mnilipe chai ya mwaka mzima leo, halafu mje muoshe vikombe. Siku maziwa ikikosa, tunashare risk."

"Auntie, hiyo ni tofauti."

"Tofauti gani? Nikununulie kofia?"

Benchi likatingishika kwa kicheko. Organic alingoja tumalize, kama mtu aliyezoea kuteswa kwa ajili ya imani yake.

"Na zile viazi mathe wako alikuwa anatuma na gunia?" Hansard akauliza.

"Nilimwambia aache. Zilikuwa zinakuja na mchanga mob, na nyumba yangu iko na tiles."

"Na za Madam Chepkemei hazina mchanga?"

"Ziko nayo, lakini hiyo ni living soil, udongo hai. Hufai hata kuosha sana. Unaondoa maisha."

"Kwa hivyo ile ya mathe ilikuwa maiti," Steam akasema. "Umekuwa ukitumiwa maiti kwa gunia, pole sana."

Nilicheka mpaka chai ikapitia puani. Lakini Hansard hakucheka. Alikuwa ameinua kidole, na Hansard akiinua kidole mtu ameisha.

"Hoja ya nidhamu. Si ni wewe ulituambia mgongo wako ni mbaya?"

Organic akanywa maji yake ya ndimu.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo mambo yanapouma. Mama yake Kabiru anaishi peke yake Bahati tangu mzee afariki. Mwezi uliopita alimpigia mwanawe: viazi viko tayari, mvua inarudi, vikinyeshewa vitaozea chini, njoo tuinamishe mgongo pamoja. Kabiru akamwambia daktari amemkataza kuinama. Basi mama akapeleka huo mgongo kanisani. Ukaombewa kila Jumatano na akina mama wote, na mmoja akamtumia mafuta ya kondoo ajipake. Yalifika. Hansard aliyanusa. Sisi tulijua hakuna daktari wala ugonjwa, na tulicheka naye wakati huo, kwa hivyo sisi pia si malaika.

Lakini mama alisema na jambo la pili. Kuna kile kipande cha shamba cha chini, cha kando ya mto, ambacho marehemu mzee alikionyesha kwa fimbo akasema ni cha Kabiru. Kikipita msimu mwingine bila mtu kuinama pale, mama alisema, atampa anayeinama.

"Na ile shamba ya chini?" Hansard akauliza sasa. "Ulienda kuiangalia?"

"Mathe ananitisha tu. Anipende aje na anipokonye shamba? Hiyo ndio nitajenga. Nishaichorea hata nyumba."

"Na hiyo farm ya udongo hai iko wapi Bahati?"

Organic akakohoa. "Iko tu huko."

"Huko wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Inaangaliana na kwetu."

Wariara aliacha kukoroga. Steam akavua kofia yake kwa heshima, kama tuko mazishini.

"Yaani wewe," Wariara akasema polepole, "umelipa nauli na gumboots, ukaenda ukainama mbele ya mama yako, na yeye anajua huwezi kuinama?"

"Kwani mnafikiria ile kofia ilikuwa ya nini?" Organic akasema, sauti imepanda. "Nilijificha! Na Saturday mathe huwa soko. Nilipiga hesabu yote. Hata nilitoka mapema, wakipiga tu picha nikaingia gari nikasema niko na meeting."

"Kofia imeficha uso," Hansard akasema akitazama simu yake. "Lakini wamekutag, jina zote mbili."

Nilimkasirikia Organic, na sioni sababu ya kuficha. Mama wa watu anapigania viazi na mvua, na kijana wake yuko ng'ambo, karibu kiasi cha kusikia akiita kuku, analipa ili atokwe jasho kwenye shamba la watu wengine. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia, lakini simu yake ikanitangulia.

Alitazama jina kwenye kioo: ni mama yake. Sasa mjue kwamba Kabiru, ingawa anauza simu, yake mwenyewe imekufa spika ya sikioni, kwa hivyo hutumia ile kubwa, na kila anayempigia huhutubia kijiwe kizima. Alitaka kuinuka aende mbali. Steam akamshika shati.

"Pokea hapa. Tunashare risk."

Akapokea. Siku zote mama yake huongea naye Kikuyu. Siku hiyo aliongea Kiswahili, taratibu, kama mtu anayetaka kila neno lifike.

"Kabiru. Bwana asifiwe."

"Amen, mami."

"Nimepiga nikwambie hongera. Mgongo umepona."

Organic akajishika mgongo.

"Nilikuona Jumamosi. Sikuenda soko. Nilikuwa hapo kwa ua nikaona mtu anatembea kama wewe, nikasema hapana, huyo ni mgonjwa. Ukainama. Ukasimama. Ukainama tena. Nikalia, Kabiru."

"Mami, ile siku—"

"Machozi ya furaha. Nikasema kumbe maombi inafanya kazi. Nimeambia akina mama, na wamefurahi sana. Jumapili utakuja usimame mbele utoe ushuhuda."

Steam alikuwa ameuma kofia yake kwa meno. Hansard alikuwa akitazama angani. Organic naye, jamani, aliona mlango umeachwa wazi akaingia mbio.

"Ni kweli mami! Nimepona kabisa! Hata Saturday hii nakuja. Nakuja kuvuna viazi, na nakuja na hawa marafiki zangu."

Sisi tukatazamana. Hakuna aliyetuuliza.

"Viazi zilishavunwa," mama akasema.

"Zikavunwa na nani?"

"Na wenzako wa kofia. Wewe ulipoingia gari, wao wakavuka mto. Madam Chepkemei aliniuliza kama wanaweza kunisaidia. Walifanya mpaka jioni. Kuna mmoja ni daktari wa meno. Kuna msichana Mhindi anaitwa Avni, huyo alitoa hata zile ndogo ndogo, hakuacha hata moja kwa mchanga. Halafu wakaniambia asante. Mimi ndio wananiambia asante, Kabiru."

Tulisikia kuku upande wake.

"Nilikuwa nakutafuta kati yao," akasema. "Nikafikiri labda umeenda choo."

Hapo hata Steam alitoa kofia mdomoni. Sijui ni nani aliyeanza kuangalia chini, lakini mwishowe tulikuwa sote tunaangalia chini.

"Mami, nisamehe."

"Nilishasamehe. Lakini ile sehemu ya kando ya mto nimemkodisha Madam. Tumeongea mbele ya wazee wa kanisa, mambo imeisha. Ni misimu mingi kidogo."

"Mami! Hiyo ni yangu! Baba alinipea!"

"Ni yako, nani amekataa? Hakuna mtu ameinyang'anya. Italimwa tu. Na mboga yake itakufikia mpaka huko kwa tiles yako, kila Alhamisi, kwa kikapu. Mimi nilikuwa natuma kwa gunia, ukasema inachafua." Akavuta pumzi. "Haya, simu inamaliza pesa. Salimia hao wanasikiliza."

"Asante mama!" tukajibu wote kwa pamoja kama darasa la tatu, kabla hatujajua tumefanya nini.

Simu ikakatika. Magari ya Nairobi yalikuwa yakipita pale barabarani. Organic alikuwa ameshika ile chupa kwa mikono miwili.

"Kule Olkaria," Steam akaanza, "kulikuwa na mzee mmoja—" Wariara akamtazama. Akaacha.

Nilidhani Organic ataondoka. Badala yake alitafuta namba, akapiga, na kwa sababu ya ile spika tukasikia muziki wa ndege wanaolia, kisha sauti tamu ya msichana.

"Pumzi ya Udongo, unaongea na Chelimo, tukusaidie aje?"

"Mimi ni member. Naitwa Kabiru. Nataka kuja kulima Saturday. Iko block mpya, kando ya mto."

"Oh, riverside block! Watu wameipenda aje hiyo! Pole sana Kabiru, Saturday imejaa."

"Basi Saturday ile ingine."

"Pia imejaa. Tangu tuweke picha watu wameingia mbio. Yule daktari wa meno amebook na familia yake yote."

"Chelimo, skiza. Hiyo shamba ni ya kwetu. Ni ya baba yangu."

"Ndio kabisa," Chelimo akasema kwa furaha. "Hiyo ndio feeling tunataka kila member akuwe nayo."

Steam aligeuka akatazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na siwezi kuapa kwamba kilikuwa kicheko.

"Naweza kukuweka kwa waiting list," Chelimo akasema. "Mtu akikosa kuja, tunakupigia. Nikuweke?"

Organic alitutazama mmoja mmoja, kama anayeomba mtu amsaidie kujibu. Wariara alishika kitambaa akaanza kupangusa meza ambayo ilikuwa safi. Hansard akaweka simu yake mfukoni.

"Niweke," Kabiru akasema.