Bango la Tahadhari na Kufuli Lake

Menejimenti ya majumba yale ya ghorofa ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa kipaza sauti cha kukodi, kwamba tatizo la wapangaji kukabwa ngazini limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Kuanzia siku ile hakuna mpangaji ambaye angekabwa bila kuarifiwa.

Ufumbuzi wenyewe ulikuwa umesimama chini ya ngazi, umefunikwa kitambaa chekundu. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye majumba, alivuta kamba, kitambaa kikaanguka, na watu wakasoma:

TAHADHARI! KATIKA NGAZI HII WATU HUKABWA. MENEJIMENTI INALIFAHAMU JAMBO HILI KIKAMILIFU.

“Kinga ni bora kuliko tiba,” alisema Mkurugenzi, akaangalia saa yake.

Wachache walipiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Msimamizi wa majumba, kwa sababu maneno yale aliyatunga yeye, na neno “kikamilifu” alikuwa amelitafuta wiki nzima.

Msimamizi alikuwa mtu wa makamo, mgane tangu mwaka uliopita, na aliishi pale pale chini, mlango wake ukitazamana na ngazi. Wapangaji walimsalimia vizuri na kumsengenya vizuri vilevile. Aliamini kwamba jambo likishaandikwa sawasawa limefanyika nusu, na ile nusu iliyobaki ni ya bajeti ijayo.

Ulinzi wa majumba yale ulikuwa umepitia maboresho mengi. Kwanza mlinzi aliachishwa kazi, ila kiti chake kikabakizwa getini na koti lake juu ya kiti, ili mwizi akitazama kwa mbali adhani mwenyewe kaenda kujinyoosha tu. Koti likaibwa. Msimamizi akaandika kwenye ripoti kwamba mlinzi kwa sasa anafanya kazi bila koti.

Kisha taa ya ngazi ikazimika. Taa ile ilikuwa kitu cha ajabu. Miaka yote ambayo Msimamizi alikuwa kazini, haikuwahi kulala giza siku mbili mfululizo, hata akazoea kuandika: “Taa ya ngazi: inajitegemea.” Lakini muda mfupi baada ya kumzika mkewe, taa ikaungua na haikuwaka tena. Menejimenti ikaunda kamati. Kamati ikakutana, ikanywa soda, ikabaini kwamba taa imepungukiwa na ari ya kazi.

Giza lilipotulia wakabaji wakaja. Mwalimu wa hesabu alipoteza simu na jino. Muuguzi wa ghorofa ya juu alipigwa kichwani, akafika kwake kwa kutambaa. Wapangaji wakaenda ofisini kwa makelele, na ndipo Bango lilipozaliwa.

Lilikuwa bango la heshima, bati nene na miguu ya chuma. Kwa kuwa eneo lile, kama bango lenyewe lilivyoeleza, lilikuwa na wahalifu, Mkurugenzi aliagiza lifungwe kwa mnyororo. Mnyororo ukadai kufuli. Katika majumba yote palikuwa na kufuli moja tu la maana, nalo lilikuwa la geti. Likahamishwa. Na ili maandishi yasomeke usiku, bango likafungiwa taa yake, yenye kofia ya bati, iliyoyatazama maandishi na kuipa ngazi mgongo. Mtu akisimama pale aliweza kusoma bila miwani kwamba huko anakopanda, yatakayomkuta atayapapasa mwenyewe.

Pembeni ya Msimamizi, siku ile ya uzinduzi, alisimama mwanamke aliyekishona kitambaa chekundu. Alikuwa mshonaji wa ghorofa ya pili, wote wakimwita Mama Cherehani. Yeye na marehemu mke wa Msimamizi waliitana dada, kwa hiyo Msimamizi alikuwa shemeji yake, atake asitake.

“Shemeji,” alinong'ona, “hiyo taa si mngeigeuza tu iangalie ngazi?”

“Hiyo ni taa ya bango, shemeji. Ina fungu lake.”

“Na geti?”

“Geti liko kwenye awamu ya pili.”

“Awamu ya kwanza ilikuwa nini?”

“Kujua.”

Mama Cherehani alikunja kitambaa chake chekundu, akakitia kwapani. “Haya. Hongereni kwa kujua.”

Tangu siku hiyo wapangaji walimwita Msimamizi Bwana Tahadhari. Yeye alidhani ni cheo.

Jioni moja, watoto wakiwa bado wanacheza uani, Mama Cherehani alipita getini na furushi la sare za shule. Geti lilikuwa wazi kama kinywa cha mpiga umbea. Kwenye kona ya kwanza ya ngazi wanaume wawili walilidaka furushi. Hakuliachia, maana nguo ya mteja ni amana. Wakampindua mkono wa kulia mpaka ukalia, wakamsukuma chini.

Msimamizi alisikia kishindo akiwa ameshika kikombe cha chai. Alipofungua mlango alimkuta amelala miguuni pa bango, na taa ya bango ikimmulika vizuri sana.

“Shemeji,” Mama Cherehani alisema, meno yakimgongana. “Nimesoma.”

Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari alisema mfupa utaunga, ila kuhusu vidole vya kushika kitambaa hakutaka kuahidi. Msimamizi alikwenda kumwona. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, kama mgonjwa wa pili.

“Menejimenti inakupa pole,” alianza, “na inalitazama suala lako kwa jicho la—”

“Shemeji, kaa chini kwanza. Huo mdomo wa ofisini uache nje na viatu.”

Akakaa.

“Mimi nakula kwa huu mkono. Nakwenda mahakamani.”

“Utamshtaki nani, shemeji? Wezi wenyewe hatuwajui.”

“Wezi siwajui. Nyinyi nawajua.”

Mkurugenzi alipopata habari alicheka mpaka akalegeza mkanda. “Kesi nyepesi kama pamba! Si alionywa? Wewe utasimama mbele ya hakimu, useme alionywa, basi. Nakufanya meneja wa majumba yangu yote. Ukiniharibia,” akaacha kucheka, “utarudisha funguo. Za ofisi na za chumba.”

Msimamizi hakuona namna ya kuharibu. Alinyoosha suti yake ya maziko, maana ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na njia nzima alikariri ushahidi kama mtoto anayekwenda kuimba shuleni.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na feni yake ilizunguka kwa kujifikiria. Hakimu alikuwa mwanamama wa makamo mwenye miwani iliyoshukia puani. Wakili wa Menejimenti aliinuka na swali moja tu.

“Shahidi, mlalamikaji aliliona bango la tahadhari?”

“Aliliona? Pazia la kulizindua alilishona yeye!”

Wakili alitabasamu, akaketi. Mama Cherehani hakuwa na wakili. Alisimama mwenyewe, mkono umening'inia shingoni kwa kipande cha kitambaa chekundu.

“Shemeji, za tangu juzi?”

“Nzuri, shemeji. Mkono unaendeleaje?”

“Mwite ‘shahidi’,” alisema hakimu.

“Samahani, mheshimiwa. Shahidi shemeji, hilo bango mliliweka kabla sijavunjwa au baada?”

“Kabla!” Msimamizi alijivuta tai. “Menejimenti haikurupuki.”

“Kwa hiyo mlijua watu wanakabwa pale.”

“Kikamilifu.”

Wakili alikohoa. Msimamizi alidhani ni mafua, akaendelea kwa moyo mkunjufu. “Tulijua hata kona yenyewe. Na tulijua wanakopitia, ni getini, kwa sababu halina kufuli.”

“Kufuli liko wapi?” aliuliza hakimu.

“Kwenye bango, mheshimiwa.”

Hakimu alivua miwani. “Rudia.”

“Limefunga bango. Eneo lile lina wezi sana.”

Mkurugenzi, kwenye benchi la mbele, alijiziba uso kwa mikono miwili. Wakili alikuwa na kikohozi kibaya sasa.

“Na taa?”

“Taa ipo, inamulika bango.”

“Nauliza ya ngazi.”

“Ya ngazi ilikuwa inajitegemea, mheshimiwa.”

“Taa inajitegemeaje?”

Hapo Msimamizi alitafuta jibu. Alilitafuta juu kwenye feni, akalitafuta na chini kwenye viatu. Mama Cherehani ndiye aliyemwonea huruma.

“Shahidi shemeji, wewe uliwahi kubadilisha ile balbu?”

“Sikuwahi. Haikuwa inaungua.”

“Ilikuwa inaungua kama balbu za watu wengine. Dada alikuwa anapanda kigoda, anaweka nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia kigoda. Nikamwambia, si umwachie mumeo, ndiyo kazi yake? Akaniambia, ‘Mdogo wangu, huyo ukimwambia ataiandikia ripoti, na sisi tutavunjika miguu tukisubiri.’”

Chumba kizima kiliangua kicheko. Msimamizi naye alicheka, tena kwa sauti, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu lile “mdogo wangu” lilikuwa lake marehemu kabisa, na hakuwa amelisikia muda mrefu. Alikikumbuka kigoda. Kilikaa nyuma ya mlango wao siku zote, mguu mmoja umefungwa kitambaa ili usiteleze. Tangu maziko hakukisogeza. Alikuwa hajui hata kwa nini kinakaa pale.

“Mheshimiwa,” wakili aliruka, “shahidi wetu amechoka. Naomba lile neno ‘kikamilifu’ lifutwe.”

“Sijachoka,” alisema Msimamizi. Alimtazama Mkurugenzi, akazipapasa funguo mfukoni, za ofisi na za chumba. “Liacheni. Nimelitafuta wiki nzima, na ni la kweli. Tulijua, mheshimiwa. Kilichokuwa kinatakiwa ni balbu, na kufuli likae mahali pake.”

Hakimu hakuhitaji maneno mengi. Alisema anayepangisha nyumba hapangishi chumba peke yake, anapangisha na njia ya kukifikia. Akijua njia ina hatari, naye akaacha geti wazi na ngazi gizani, basi ubaya ukitokea si wa mwizi tu, na yeye ana fungu lake. Na aliyeumizwa ana haki ya kulidai. “Kumwambia mtu kwamba atakabwa si kumlinda,” alisema. “Ni kumwahidi.”

Akaamuru Menejimenti igharimie matibabu ya mkono, imlipe mama riziki aliyoikosa mpaka apone, iwashe taa ya ngazi, na kufuli lirudishwe getini kabla jua halijazama.

Nje, Mkurugenzi alimwambia Msimamizi kwamba mwisho wa mwezi arudishe funguo. “Ila mpaka hapo bado unakula mshahara wangu, kwa hiyo simamia!” Kisha akaichambua amri ya mahakama kama mtu anayetoa miba kwenye samaki. Amri ilisema kufuli lirudishwe. Haikusema linunuliwe la pili. Basi likatolewa kwenye bango, likatiwa getini. Na kwa kuwa hakutaka tena kuliona lile bango mle ndani likimsema, aliagiza litolewe nje ya geti lingoje gari, lipelekwe kwenye majumba yake mengine, ambako nako watu walikuwa wameanza kukabwa.

Gari lilichelewa. Bango halikuchelewa.

Simu ilimkuta Msimamizi juu ya kigoda, mkono mmoja umeshika balbu. Chini, Mama Cherehani alikuwa amekishikilia kigoda kwa mkono wake mzima, akimkaripia asitingishike kama kifaranga.

“Bango langu limeibwa!” ilipiga kelele simu. “Mlijua hapo kuna wezi, mkaacha mali yangu wazi, bila kufuli! Mtu akijua kuna hatari na akakaa kimya, lazima alipe! Nitakwenda mahakamani! Na kwa nini mimi sikuonywa?”

“Ulionywa, bosi,” alisema Msimamizi kwa heshima zote. “Iliandikwa kwa herufi kubwa. Wewe ndiye uliyevuta kamba.”

Simu ikakatika. Aliizungusha balbu mpaka ikakaza, na ngazi yote ikaonekana, mpaka kona, mpaka alama ya kiatu kidogo cha mwanamke ukutani, mahali ambapo mtu wa kigodani hujiegemeza kwa mguu asianguke. Aliitazama kitambo. Hakuifuta.

“Shemeji, shuka basi, mkono unachoka. Alikuwa anasemaje?”

“Bango limeibwa, anataka kujua haki zake.”

Mama Cherehani alimpisha ashuke.

“Mwambie ana kesi nzuri.”