Nuru ya Mzee Shaame

Konde, Jumatatu, 11 Julai 1960

Picha ya Mzee Shaame imetoka. Safi! Sijapata kutoa picha kali namna ile. Ndevu unazihesabu. Chunjua la puani limekaa pale pale, wazi, wala halina aibu. Nikaipeleka barazani kwake mwenyewe nikasubiri kusifiwa.

Ikapita mkono kwa mkono. Mwisho mmoja akauliza, nuru iko wapi? Mtu katoka Makka juzi, katufu, kazuru, na siku aliyoteremka garini kila mtu aliiona nuru usoni mwake. Kwenye picha hakuna! Nyange, muuza kahawa, ambaye hajapata kuvuka Wete na sala ya alfajiri humpitia kitandani, akachungulia juu ya mabega ya watu akasema labda Hija haikukubaliwa. Astaghfirullah! Watu wakacheka. Mzee Shaame hakucheka.

Akanivuta kando. Kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, akasema mahujaji wanaopigwa picha na Nassor wa Madungu, kule Chake, hung'ara mpaka masikio. Jumapili ana dua ya shukrani, watakuja watu mpaka wa Msuka. Nimpige tena siku hiyo, na nuru ionekane. Isipoonekana, chumba changu cha picha, ambacho ni chake, ataweka magunia ya karafuu.

Karafuu! Na mie na kamera yangu twende wapi?

Lakini wallahi kinachoninyima usingizi si chumba. Ni hili: nuru inaingiaje kwenye filamu?

Jumatano, 13 Julai

Nimekwenda Chake kupeleleza. Ujanja wangu: nijifanye mteja mgeni. Koti la shemeji, kilemba, miwani ya marehemu baba mkwe. Kwa miwani ile ngazi sikuiona, nikaingia kwa Nassor kwa magoti. Akasema karibu Abrahman, umeumia? Simpendi mtu huyu.

Akanipa maji, akaniuliza hali ya Konde. Akaingia mteja, Bi Mwanabaraka, kupigwa picha. Nikavua miwani, nikakodoa. Taa ya ajabu? Hana. Dirisha? Kama langu. Moshi wa udi? Hata harufu yake hamna. Mara akachovya kidole kwenye kopo la mafuta ya mgando, haya haya tunayopaka watoto, akagusa kioo kilichokaa mbele ya lenzi. Mafuta! Lakini kagusa wapi, na kwa kiasi gani? Alishajifunika kitambaa cheusi.

Sikuuliza. Mtu mwenye heshima zake haulizi. Nassor mwenyewe akaniambia kama kuna jambo nataka kulijua niseme tu, haoni tabu. Nikamwambia nilikuja Chake kununua ndizi.

Ikabidi ninunue ndizi.

Ijumaa, 15 Julai

Jaribio. Kazija, mke wangu, kakubali kukaa kitini baada ya kubembelezwa sana. Nimepaka kioo chote, sikufanya ubahili. Nikapiga, nikasafisha picha. Kazija hayumo! Kuna wingu lenye vipuli vya masikio. Akasema hata mamaake mzazi asingemjua, na kwamba kopo lile lilikuwa la mtoto.

Lakini vile vipuli! Mwanga umevizunguka, umetambaa, umelainika. Nimeitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Nadhani mwanga ukifika kwenye mafuta hupotea njia, ukazagaa. Ajabu kubwa, na imo ndani ya kopo!

Halafu nikapata fikra. Mafuta nipake pembeni tu, katikati kioo kikae kitupu. Hivyo nuru itakuwapo, na ndevu zitahesabika. Vyote viwili! Hata Nassor hajafika hapo. Kazija akauliza Mzee Shaame atakaa wapi. Katikati, nikamwambia, mwenye dua akae wapi tena? Akauliza, na huko pembeni watakaa nani?

Swali la kipuuzi. Watu tu.

Jumapili, 17 Julai

Dua imefana. Pilau limeliwa, likabaki. Nikawapanga: Mzee Shaame katikati, masheikh kulia na kushoto, wazee wa Msuka wakifuatia. Huku mwisho kabisa kasimama Nyange na birika lake. Nikamwambia atoke. Akasema hayumo pichani, yeye anamimina kahawa tu. Filamu imebaki moja, nyingine nilimmalizia Kazija. Mzee Shaame akazuia pumzi ili nuru isimtoke. Nikapiga.

Jumanne, 19 Julai

Lahaula! Mzee Shaame: ndevu, chunjua, mikunjo. Nuru hana hata chembe. Huku pembeni, Nyange anang'ara! Uso, kofia, mpaka birika linang'ara!

Nilikuwa naitafutia picha pa kuificha, Mzee Shaame akaingia bila hodi. Akaitazama mno. Nikaanza kufungasha vitu kichwani. Mara naona machozi. Akasema yeye kasafiri kote kule, na alichokiwaza njia nzima ni watu watakavyomwita haji. Nyange anawamiminia kahawa hata wasiokuwa na kitu, na hajamsikia akijisifu. Akaichukua picha, akenda kumwomba Nyange radhi, na amwombee dua. Nyange akashtuka, kahawa ikamwagika.

Na chumba? Nikae, kasema, nikae nitakavyo, kwa sababu kamera yangu haimpendelei mtu. Chumba changu! Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 21 Julai

Siku mbili hizi Nyange yupo safu ya mbele msikitini, alfajiri kwa alfajiri. Mzee Shaame anakaa naye barazani, wanacheka. Watu wanatoka Msuka kumwangalia. Na mpiga picha? Hakuna anayemuuliza! Ati nuru ya Nyange. Ya Nyange? Yangu! Nani aliyeingia Madungu kwa magoti?

Sikustahimili. Baada ya laasiri nikenda barazani na kopo na kioo, nikawaeleza yote, tangu kidole mpaka pembeni. Nikampa kila mtu achungulie. Nyange akachungulia, akarudisha kioo, akainua birika lake akaondoka. Nilimwonea huruma kidogo. Mzee Shaame akalinusa kopo. Akaniuliza, kwa upole ule ule, kama nitahitaji msaada wa kubeba vitu vyangu.

Magunia yameingia kabla ya magharibi. Kamera iko jikoni, juu ya kinu. Kazija kaniuliza kama nimejifunza chochote. Mengi, nikamwambia. Kosa nimeliona: mafuta yalikuwa machache. Jumamosi nina harusi Msuka, na kopo nimenunua kubwa. Kioo nakipaka chote. Na kabla ya kupiga nitawakusanya watu niwaeleze vizuri nuru inatoka wapi, wasije wakamsifu bwana harusi.