Hadi Diski, Hadi Lini?

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mjukuu wangu amewasha kompyuta yake nikiwa naanza kuchambua maharage. Nimechambua, nimeosha, nimebandika. Bado kiduara kinazunguka. Mtoto wa watu anasoma chuo, anachora humo ramani za nyumba, na kila mstari anaungoja kama mgeni wa mbali.

Leo kasema, bila kunitazama, kwamba Bibi Mapazia amemwita akakae kwake mpaka amalize masomo. Huko kuna kompyuta mpya. Bibi Mapazia ndiye aliyemzaa baba yake. Mimi nimemzaa mama yake. Dirisha la choo chake lina pazia, na bado hajatosheka. Sasa anataka na mjukuu wangu.

Nikamwambia mjukuu, huyu mke mwenzangu, kwamba nyumba haihamwi kwa ajili ya kiduara. Kasema ataamua Ijumaa.

Jumanne, tarehe 5

Nimekwenda kwa fundi kompyuta. Kasema kinachochelewesha ni hadi diski. Hadi lini, nikamwuliza. Hakucheka. Kasema ndani yake mna kisahani kinachozunguka na sindano ya kukisoma, na vyote vimechoka. Siku hizi wanaweka esesidi: kitu bapa, hakizungushi chochote, kinaamka kabla hujamaliza kupiga mwayo.

Nikasimama pale nikimtazama akimbadilishia mteja. Geuza, fungua skrubu, vuta, sukuma, funga. Kuvalisha mto foronya kuna kazi zaidi.

Nikanunua esesidi, nikasema kuweka nitaweka mwenyewe. Akaniuliza: nitahamisha mwenyewe au anihamishie yeye? Kumbe habari za mjukuu zimeshafika mpaka dukani! Nikamjibu kwangu mimi hahami mtu, nikaondoka nimevuta mdomo.

Jumatano, tarehe 6

Mjukuu kaenda chuo, kompyuta kaiacha. Bahati ikibisha, fungua.

Bisibisi ya cherehani ni nene. Nimeazima ya fundi saa. Skrubu nimezichomeka kwenye kipande cha sabuni, kila moja upande wake kama zilivyokaa, zisije zikagombana. Kifuniko kikagoma. Nikakibembeleza kwa ukucha, halafu kwa mpini wa kijiko, kikaachia kwa mlio ulionikata maini. Hakikuvunjika. Hadi diski hiyo nje. Esesidi hiyo ndani. Skrubu zote zimerudi kwao. Sikukaa darasani hata siku moja, na nimefanya upasuaji.

Ile ya zamani nikaifunga kwenye kitambaa, nikampelekea Bibi Mapazia. Nikamwambia uvivu wa kompyuta yetu ndio huu, tumeung'oa, auweke kama kumbukumbu. Mjukuu haji tena. Kanikaribisha chai. Nikakataa. Nikanywa.

Alhamisi, tarehe 7

Asubuhi kompyuta imewaka upesi ajabu. Imewaka nyeusi, na maneno machache meupe. Mjukuu akayasoma: mashine inasema haina cha kuwashia. Nikamweleza nilichofanya. Akaniuliza kwa sauti ndogo, Bibi, ulihamisha?

Hapo ndipo nilipomwelewa fundi. Nimempa mtoto nyumba mpya, vyombo vyote nimeviacha kwenye ya zamani. Kazi yake ya mwaka mzima! Na chuoni wanaitaka kesho.

Hakunigombeza. Kajishika kichwa. Akauliza ile ya zamani iko wapi. Nikasema iko mahali pa heshima.

Nikaikuta chini ya mguu wa meza ya Bibi Mapazia. Meza ilikuwa inayumba, sasa imetulia. Nikaanza kwa kuisifu meza. Haikusaidia, ikabidi niombe. Kaniuliza, mkwe, si ndio uvivu wenyewe huu? Nikamjibu ndio, tumeukumbuka. Kacheka mpaka kashika ukuta. Halafu kainua meza kwa mikono yake mwenyewe, kavaa viatu, kasema kitu kama hiki hasimuliwi, anakuja kuona.

Mjukuu akarudisha ya zamani ndani, esesidi akaiweka kwenye kikasha chenye waya alichokiazima kwa fundi. Vitu vikaanza kuhama. Polepole! Bibi wawili tumekaa mbele ya kimstari cha kijani kama tunaangalia uji usifurike. Kilipokwama kidogo, Bibi Mapazia kanishika mkono. Sikuutoa. Jioni kikafika mwisho, mjukuu akabadilisha, akawasha. Michoro yote ipo.

Ijumaa, tarehe 8

Kazi imefika chuoni. Kompyuta sasa inaamka kabla sijapata miwani.

Nikamwuliza mjukuu kaamua nini. Kasema hahami. Kule kwa Bibi Mapazia hakuna wa kumfokea akisahau kula. Nikamfokea amalize sahani.

Jumamosi, tarehe 9

Tumekula kwa Bibi Mapazia, kwenye meza ile ile. Inayumba. Kompyuta yake mpya iko sebuleni, nikaitegea sikio. Inavuma. Mpya, na inavuma! Yetu ilivuma kwa kisahani kimoja tu. Hii itakuwa na kabati zima la vyombo. Na mwenyewe, maskini, hana habari.

Alinifaa nilipokwama, na mimi lazima nimfae. Keshokutwa anakwenda kumwona dada yake. Ufunguo kaniachia nimwagilie maua. Simwambii. Wema ukitangazwa unapungua.

Na kosa langu nimeliona, sitalirudia. Kitakachotoka humo safari hii simpi mtu. Natupa moja kwa moja.