Kisiwa cha Morisi, Kona ya Tatu Baada ya Bogoro

Jumatatu, tarehe 15 Januari 2024

Miezi kumi na moja na siku tatu tangu nitoke Butembo. Niliaga nikisema naenda Bunia kuwa dereva. Papa Vital, baba yake Vahwere mchumba wangu, alinishika kichwa akaniombea. Yeye aliendesha malori miaka thelathini kwenye mlima wa Kabasha, mpaka magoti yalipokataa. Alisema binti yake ataolewa na mtu wa usukani, si mtu wa beleshi.

Beleshi sishiki. Nashika kabari. Kipande cha mti mgumu chenye kamba. Lori la Madame Charlotte, tajiri wangu wa samaki, linapopanda mlima likachoka, naruka, nakimbia nyuma, natia kabari chini ya tairi kabla halijaanza kurudi. Nikichelewa, lori na samaki wake wote wanarudi ziwani walikotoka. Kabari ile nalala nayo chini ya kitanda, wasiniibie. Usukani wa lori nimeugusa mara moja. Nilikuwa naupangusa.

Noeli sikwenda nyumbani. Ningekwendaje? Kwa Papa Vital kuna desturi. Mchumba akirudi kutoka kazini, anampeleka mzee kanisani kwa gari, anaendesha mwenyewe, baba wadogo wote wamekaa nyuma wakimtazama kisogo. Nikatuma habari kwamba kampuni imenipa konji, likizo ya zawadi, kwenye kisiwa cha Morisi. Kwa nini Morisi? Zanzibar kuna watu wa Butembo wamefika. Morisi hakuna. Mtu asiyesoma sana hujifunza kufikiri.

Leo Vahwere ameandika. Baba yake amefurahi mno. Amesikia huko kuna barabara ya kona kona, mlima huku, bahari huku. Anataka picha yangu nikiiendesha. Baba wadogo wanakaa Jumapili tarehe 28 kupanga ndoa yetu, na bila picha hakutakuwa na kikao.

Picha tu? Nilidhani ataomba jambo gumu.

Jumanne, tarehe 16 Januari

Bahari nimeipata. Ukitoka Bunia kwenda Kasenyi, mbele kidogo ya Bogoro nchi inakatika. Chini kabisa, Ziwa Albert. Kiangazi hiki vumbi limeficha milima ya Uganda, maji hayana ng'ambo. Maji yasiyo na ng'ambo ni bahari. Atakayebisha aogelee.

Shida ni mpiga picha. Mwenye simu nzuri ni Augustin, mtu wa Aveba, kibarua mwenzangu kwenye lori. Mvivu. Mwezi uliopita ilikuwa zamu yake ya kabari. Aliiweka kama anayeweka sahani mezani. Lori likarudi nyuma mpaka ndani ya kibanda cha muuza mandazi.

Nilimweleza mpango wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema atapiga picha, ila nimwazime buti zangu mpaka mwisho wa mwezi. Nimempa. Leo nimepakua mizigo kwa kandambili.

Jioni nilijifunza kuendesha. Nilikaa kwenye kigoda, usukani kifuniko cha sufuria, gia mti wa ufagio. Mama mwenye nyumba alifungua mlango akauliza naenda wapi. Nikamjibu nakata kona. Akasema nikifika nimrudishie kifuniko, mchele wake unakauka.

Alhamisi, tarehe 18 Januari

Safari ya kwanza ya picha. Kona ya tatu lori lilisimama kupoza breki, dereva akaenda kujisaidia. Nikaingia kwenye kiti chake. Augustin akarudi nyuma, akainua simu. Wakati huohuo ng'ombe wakatokea wakipanda mlima, kundi zima, pembe kama milango ya kanisa. Wakasimama kati yangu na simu. Mmoja aliingiza kichwa dirishani.

Nilimwambia Augustin asubiri. Akasema hata Morisi lazima kuna maziwa. Mchungaji akauliza tunafanya nini. Augustin akamjibu: "Iko mu konji, ule. Umuache apumuzike."

Picha kumi na moja, zote za ng'ombe. Kwenye moja nilikata ng'ombe pande zote. Likabaki sikio langu na maji. Nimetuma hiyo, na maneno: Upepo wa bahari ni mwingi.

Vahwere kajibu saa moja. Papa Vital ameliona sikio, limempendeza. Anauliza barabara iko wapi.

Ijumaa, tarehe 19 Januari

Mvua usiku kucha, katikati ya kiangazi. Imeosha vumbi lote. Milima ya Uganda imesimama ng'ambo imenawa uso. Mungu ana kazi nyingi, sijui kwa nini amechagua hii.

Lakini habari njema: kesho Madame Charlotte anashuka Kasenyi mwenyewe, na gari lake jeupe, kuchagua samaki. Anatuchukua mimi na Augustin kubeba. Gari jeupe, dogo, vioo vizima. Hilo ndilo gari la konji.

Jumamosi, tarehe 20 Januari

Nimechoka, mikono inanuka, lakini niandike.

Kushuka, niliketi nyuma nikaiona barabara ile kwa mara ya kwanza. Siku zote naona tairi tu. Kona inafunguka, ziwa linakuja mkono wa kuume, kona inafunga, ziwa linahamia mkono wa kushoto. Mitumbwi chini midogo kama mbegu za boga. Watu wa konji kweli huenda mbali kutafuta kitu kama hiki, na mimi nakipanda kila wiki nikitazama mpira wa tairi.

Madame anaendesha kama anamenya viazi, haraka na bila huruma. Breki ya mkono ya gari lake ilikufa zamani. Anasema haihitaji, maana ana vibarua.

Wakati wa kupanda, kona ya tatu, injini ikachemka. Nikaruka kabla gari halijatulia, kama kawaida. Madame akatoa ufunguo, akaenda kwenye nyumba za juu kuomba maji. Ndipo nikaingia. Kiwiko dirishani. Shati nyeupe niliyokuja nayo kwenye mfuko wa nailoni. Miwani ya jua ya Augustin, kioo kimoja. Namba ya gari tuliifunika kwa mkungu wa ndizi. Augustin alisimama upande wa mlima akapata vyote: gari zima, kona, maji, mimi. Milima ya Uganda nayo ikaingia. Haidhuru. Nitasema ni kisiwa cha pili.

Madame alirudi na kidumu akanikuta kwenye kiti chake, natabasamu. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Ézéchiel, shuka mu kiti yangu. Kiti yako iko nyuma, samaki inakungojea."

Nilipanda mlima uliobaki nimekalia sangala. Magamba mpaka shingoni. Lakini picha ninayo!

Jumapili, tarehe 21 Januari

Nilituma picha kabla ya misa. Kwenye misa sikusikia neno.

Saa sita Vahwere kaandika. Simu imezunguka nyumba nzima. Mama yake amelia. Baba wadogo wamesema nimenenepa. Papa Vital ameagiza miwani yake, akaomba Vahwere aikuze picha. Akapita usoni kwangu bila kusimama. Akapita usukani. Akashuka mpaka tairi ya nyuma akatulia hapo muda mrefu. Halafu akauliza: "Nani alitia ile kabari?"

Kabari gani?

Nikaikuza na mimi. Pale. Chini ya tairi ya nyuma, upande wa mteremko. Ncha nyembamba imeingia sawasawa chini ya mpira, jiwe dogo limeegemezwa nyuma yake, kamba imelazwa pembeni ili mkono wa kuivuta usipite chini ya tairi. Sikumbuki kuiweka. Naapa sikumbuki. Miguu yangu na mikono yangu ilifanya kazi mimi nikiwaza shati.

Lakini akili yangu haikunitupa. Nikaandika palepale: Ni mtumishi wangu, hoteli imenipa. Anaitwa Augustin.

Jibu la haraka, safi. Nilijipongeza kwa chai mbili.

Jumatatu, tarehe 22 Januari

Papa Vital amepiga simu mwenyewe. Nilikuwa chini ya lori, nikatoka, nikajipangusa, kana kwamba anaona.

Alisalimia. Alinisifia shati. Akaanza hadithi ya Kabasha. Mwaka ule breki zilimwishia na gunia mia za maharage, lori likawa linarudi nyuma kwenye korongo. Mtu wake wa kabari akaruka na kuitia namna ileile: ncha ndani, jiwe nyuma, kamba pembeni. Lori likasimama, tairi za nyuma zimebakiza hatua moja. Mtu yule alipoteza vidole viwili. Papa Vital alisema tangu siku ile hajaona mkono kama ule, mpaka jana.

Kisha akasema: "Mutoto, ule mutu wa mu gari anashika usukani sawa mwenye kubeba sahani ya mayai. Lakini ule wa kabari, mimi namupa hata ufunguo wa nyumba yangu."

Nilisikia kuku wa kwake kwenye simu. Akauliza tena, polepole, kama anayemfungulia mtu mlango: nina hakika kabari ile iliwekwa na mtumishi?

Nikafikiri. Nikisema ni mimi, basi mimi si dereva. Nikasema: hakika kabisa, Papa. Mimi kabari hata sijui inashikwa upande gani.

Akashusha pumzi. Akauliza kama huyo Augustin ameoa. Nikacheka, nikasema hapana, nani angemtaka. Akaomba namba yake. Kumnyima ingeonekana wivu. Nikampa.

Jioni ujumbe wa Vahwere: "Shéri, mi najua mikono yako. Mbuzi ya Papa ulikuwa unafunga na kamba ya namna ile ile. Mwambie leo. Anangojea useme tu."

Nimemjibu asiingilie mambo ya wanaume. Mpango hauharibiwi ukikaribia kuiva.

Jumatano, tarehe 24 Januari

Augustin amebadilika. Ameoga siku mbili mfululizo. Anaimba. Papa Vital amemwalika Butembo kula naye, kabla ya Jumapili, na aje na kabari yake. Kuna lori bovu uani kwa mzee, kwenye mteremko. Anataka kuona kwa macho.

Augustin aliniomba nimfundishe. Nilikataa. Akasema basi atamwambia mzee ukweli, kwamba Morisi iko kona ya tatu baada ya Bogoro. Nikafundisha. Mchana mzima, nyuma ya ghala: ncha ndani, jiwe nyuma, kamba pembeni. Mtu mzito kama yule, lakini mara ya ishirini aliipata. Mwalimu mzuri huonekana kwa mwanafunzi.

Aliomba pia kabari yenyewe, maana mzee ameiona kwenye picha na ataitambua. Nimempa. Ameahidi kunisemea vizuri.

Madame Charlotte alituona. Akaniuliza mbona namfundisha mwenzangu kuchukua mahali pangu. Nikamwambia hajui lolote. Akasema ni kweli, yeye hajui, ila nikitaka ruhusa ya kwenda Butembo na mimi, kesho hakuna mzigo.

Alhamisi, tarehe 25 Januari

Augustin ameondoka alfajiri. Buti zangu miguuni, kabari yangu begani, shati yangu nyeupe pia, sijui niliitoa lini. Aliniaga kwa kuniita shemeji.

Vahwere amepiga simu, analia na kukasirika kwa pamoja. Amesema kuna gari lingine linatoka Bunia saa nne. Niingie humo, niende na mikono mitupu, nimshike Papa Vital magoti, niseme: kabari ile ni yangu. Basi. Baba yake hataki kitu kingine. Jumapili baba wadogo wanakaa, na atakayekuwa amesimama nyuma ya lori lile uani ndiye watakayemjadili.

Nilifika mpaka stendi. Kweli nilifika. Mfuko mkononi, gari linawashwa, kiti kimoja kimebaki. Dereva akaita: "Weye wa kandambili, unapanda ao hapana?"

Hapo nikazinduka. Natoka Morisi, mimi. Nani ametoka Morisi akashuka Butembo na vumbi la barabara ya Komanda nyusini? Wangenicheka. Heshima yote niliyoijenga, kwishnei. Nikamwambia dereva aende zake.

Watu wa harakaharaka, akina Augustin, waende wakale. Mzee kama yule ataona tofauti mwenyewe. Kikao cha Jumapili kitasubiri. Hakuna familia inayomwacha mtu wa kisiwani kwa ajili ya mtu wa kabari. Mimi nahitaji siku chache tu: begi lenye picha ya ndege, miwani yenye vioo vyote viwili, na jua la kutosha usoni. Nimemwandikia Vahwere kwamba ndege zimejaa, na kwamba huku wamenipandisha cheo, sasa naongoza meli. Hajajibu. Bila shaka ni furaha.

Wajiandae. Narudi Jumamosi, tarehe 10 Februari, saa nane mchana, nimepumzika.