Kitu Kinacholia Upande wa Mama Tumaini

Leo nimechekwa na watu ambao nimewalipa kwa hela yangu. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hao wataongeza chumvi, na hii imeshakolea.

Wote mnanijua. Mimi ni yule wa mbao, Mafinga. Nilitoka darasa la saba shati limechanika mgongoni, nikaanza kubeba magogo begani. Leo nina mashine yangu ya kupasulia, nina malori mawili (moja linatembea), na nina gari ya spoti. Nyekundu! Milango miwili, viti viwili. Imetumika Japani, lakini wenzetu wale wanatumia vitu kwa adabu. Ikipita stendi, bodaboda wanazima pikipiki waisikilize.

Gari ya namna hii hupeleki kwa fundi wa pembeni ya barabara. Aliyeniuzia alinipa na kitabu kidogo, akaniambia, "Mzee, hiki ndiyo gari. Kila sevisi peleka kampuni wagonge muhuri. Ukikosa muhuri mmoja, unabaki na chuma." Nikakifungia kabatini pamoja na hati ya shamba.

Kampuni yenyewe iko Mbeya. Na bei zao, jamani! Wanakutoza kufungua boneti, nadhani na kuifunga pia. Kuna kitu wanaandika "nguvu kazi". Mara ya kwanza niliwaambia nguvu kazi nimekuja nayo kutoka Mafinga, nipeni spana. Hawakunipa.

Sasa lazima niwaambie habari ya goti.

Mke wangu, mama Tumaini, goti lake la kulia limemsumbua muda mrefu. Na gari ya spoti iko chini. Kuingia ni kama kukalia kigoda, kutoka ni kama kutolewa kisimani. Siku ya kwanza alitoka kwa kuvutwa, watu wa sokoni wanaangalia. Akaniambia, "Baba Tumaini, nenda na gari yako. Mimi nitapanda basi. Basi linaheshimu watu wazima." Tangu hapo ile siti ya pili ikawa inabeba kofia yangu. Mnafikiri nilinunua viti viwili kwa ajili ya kofia?

Halafu goti likapona! Jumamosi moja nilimbembeleza apande hadi kwa dada yake. Kufika, akatoka mwenyewe, hajashikwa na mtu. Akasimama anajishangaa. Kesho yake akatoa ushuhuda kanisani, kina mama wakapiga vigelegele. Na mimi nilipiga makofi. (Nilipiga sana. Mtaelewa.)

Basi leo asubuhi tumeondoka wote wawili kwenda sevisi, yeye kitenge kipya, mimi miwani ya jua. Tulipokanyaga rasta za Makambako, yale matuta madogo ya barabarani, siti yake ikalia: kwii, kwii.

"Baba Tumaini, unasikia?"

"Upepo huo."

"Upepo uko chini ya makalio yangu?"

Nikaongeza redio.

Kampuni kuna viti vya ngozi na mashine ya kahawa. Wateja wengine walikuwa wamekaa, mmoja kavaa suti. Mnajua nikiona suti nazidi kuongea. Fundi mkuu akaja kutupokea, mama wa ovaroli, Mnyakyusa, sauti yake haihitaji spika. Nikampa funguo, nikasema kwa nguvu ili suti isikie, "Gari hii haijaguswa na fundi wa mtaani! Kila nati orijino! Kama ilivyoshuka kwenye meli!"

"Vizuri sana, baba. Kuna tatizo lolote?"

"Hakuna."

"Kuna kitu kinalia upande wangu," akasema mama Tumaini.

"Kiache kilie," nikasema. "Kimezoea."

Fundi akacheka. "Sisi hapa, baba, hatuachi kitu kinalia."

Nikamfuata hadi mlangoni, nikamnong'oneza aachane na siti, ashughulike na oili. Akaniambia wateja hawaruhusiwi kuvuka mstari wa njano. (Mstari wenyewe nadhani nao niliulipia.)

Nikakaa. Baada ya muda mlango ukafunguka, fundi akaingia amebeba sinia. Juu ya sinia kuna vipande vinne vya mbao.

"Baba, tumekuta hivi chini ya siti ya mama. Bolti zimetolewa, zimewekwa ndefu, siti imeinuliwa."

Wote wananiangalia.

Nikasema (Mungu anisamehe), "Wajapani nao wanatumia mbao. Ni watu wa asili sana."

Fundi akageuza kipande kimoja. "Na Wajapani wana chapa ya BT?"

BT! Baba Tumaini! Chapa yangu ninayochoma kwenye kila ubao unaotoka kwangu ili usiibiwe. Nilivichoma na vile vipande. Mkono umezoea, haukuniuliza.

Yule wa suti alimwaga kahawa kwenye tai. Dada wa mapokezi aliinama chini ya meza kama anatafuta kalamu, mabega yanaruka. Kicheko kilitoka hadi kwa mafundi kule nyuma, kumbe nao walikuwa wanachungulia. Orijino! Kama ilivyoshuka kwenye meli!

Mmoja tu hakucheka.

"Kwa hiyo," akasema mama Tumaini polepole, "goti langu halijapona."

Kicheko kikakatika.

"Limepona kidogo," nikasema.

"Nilisimama mbele ya kina mama nikashukuru. Na wewe ulipiga makofi."

"Ungesema nini kama ningekuambia? Ulikuwa umefurahi. Sijakuona umefurahi vile tangu tumzae Tumaini. Nilikuwa nataka tu upande na mimi. Nikitazama pembeni nikuone wewe, siyo kofia."

Haya maneno sikupanga kuyasema. Yametoka mbele ya suti na mashine ya kahawa.

Mama Tumaini akanyoosha mkono akachukua kipande kimoja kwenye sinia. Akapitisha kidole pembeni, akarudia. Ameishi na mbao miaka mingi kama mimi, anajua kazi.

"Hii mninga."

"Mninga."

"Umeipiga msasa kote. Na vanishi. Chini ya siti, Baba Tumaini? Nani angeiona?"

"Unakalia wewe," nikasema.

Akakiweka kipande kwenye sinia taratibu, kama anarudisha yai.

Fundi akakohoa. "Sasa, baba, uamuzi ni wako. Nikivirudisha, sevisi nitafanya lakini muhuri siwezi kugonga. Hairuhusiwi. Nikiweka siti kama ilivyokuja, nagonga sasa hivi."

"Rudisha mbao. Paka na grisi zisilie."

"Mzee, gari itashuka bei!" akasema wa suti.

"Nani kakuambia nauza?"

Nikalipa. Na nguvu kazi nikalipa, bila neno.

Tulipotoka, nilimfungulia mlango. Hakuingia. Akasimama ameshika mkoba, basi la Iringa, lile linalopita kwetu Mafinga, likapita barabarani, akalisindikiza kwa macho hadi likapotea. Mimi nimeshika mlango tu. Nikajua leo narudi na kofia.

"Jumapili," akasema, "tutasimama wote wawili. Utaeleza wewe."

"Nitaeleza."

"Na Jumatatu unanipeleka hospitali kwa goti, siyo kwa seremala."

"Jumatatu."

Ndipo akaingia. Akakaa, akajiweka sawa, akavuta mkanda. Siti haikulia.

Tukafika Uyole. Tukasimama kununua viazi, akashuka mwenyewe, akarudi. Nikaanza kupumua. Mbele kidogo akageuka.

"Na kitanda?"

"Kitanda kimefanya nini?"

"Zamani nikikaa, miguu ilifika sakafuni. Siku hizi inaning'inia. Nilipokuuliza ulisema umri unafupisha watu."

Nikaangalia barabara. Barabara ilikuwa nzuri sana.

"Baba Tumaini!"

Akaanza kucheka. Akacheka hadi akashika kioo cha gari, akanipiga begani, machozi yanamtoka, na mimi naendesha kama mtu anayefanya mtihani.

Naomba ninyi msicheke. Nikimsikia mmoja wenu, nakuja kwake na futi kamba, napima kitanda.