Hujuma Kwenye Kona ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimehujumiwa. Naandika sasa hivi kabla hasira hazijapoa.

Mambo yenyewe ni haya. Mhasibu mzee amestaafu, ameacha wazi meza ya dirishani. Miaka kumi na mmoja nimekaa masijala nikitazamana na rafu za mafaili. Mvua ikinyesha najua tu pale wenzangu wanapoingia wamelowa. Meza ile naitaka mpaka naiota. Bahati mbaya anaitaka pia yule bwana wa manunuzi, ambaye ofisi nzima inamwita Kalamu Mbili kwa sababu hatembei bila kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia, moja ya kujionyesha. Bosi akasema tumalizane wenyewe. Tukakubaliana kumalizana kwenye mchezo wa magari mtandaoni. Kila mtu nyumbani kwake, saa kumi na mbili jioni, mbio saba kwa siku saba. Wa kushinda nne anahamia dirishani.

Leo mbio ya kwanza. Nilikuwa mbele. Mbele kabisa! Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Nikafika kona ya tatu, ya mwisho, ile kali ya kushoto. Taa za ruta, kile kisanduku cha mtandao, zikazima zote. Ziliporudi, gari langu lilikuwa mtaroni na Kalamu Mbili ameshamaliza.

Mke wangu akasema labda ni waya. Waya! Waya gani unajua kuchagua kona? Huu ni mkono wa mtu. Na wakati uleule, nyuma ya ukuta, cherehani ya jirani ilikuwa inanguruma kama imetumwa. Mimi ni mtu wa masijala. Nimefungua faili. HJM/1: Fundi Cherehani.

Jumanne, 5 Agosti

Nilimpitia fundi cherehani asubuhi. Sikumwonyesha kitu usoni. Nikamwomba azime mashine saa kumi na mbili, nusu saa tu, kwa kuwa kwangu kuna mgonjwa. Akauliza mgonjwa ni nani. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema mama mkwe.

Akasikitika sana. Akasema nisijali, kazi inaweza kungoja. Upole wa namna hiyo unatia shaka.

Saa kumi na mbili mashine kimya. Nikaanza kwa raha zangu. Kona ya pili, hodi! Fundi cherehani mlangoni na mfuko wa machungwa, amekuja kumpa pole mgonjwa. Mlango kafungua mgonjwa mwenyewe, mikono kiunoni, mzima kuliko sisi wote. Nikawa nasikia kwa sikio moja jinsi mama mkwe anavyoambiwa kwamba Mungu atamsaidia. Kona ya tatu. Taa zikazima. Mtaroni.

Mbio mbili nimepoteza. Mama mkwe amenuna, ila machungwa anakula. Fundi cherehani hana hatia, kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa na yeye alikuwa mbele ya macho yangu. Hata hivyo faili lake sijalifunga.

Jumatano, 6 Agosti

Leo kazini Kalamu Mbili alipima meza ya dirishani kwa rula. Mbele yangu! Akasema anataka kujua kama trei yake ya barua itaenea. Nikampongeza kwa uso mkavu.

Nimefikiri sana. Mama mkwe alikuja kwetu mwezi uliopita. Mtandao ulianza lini kusumbua? Mwezi uliopita. Ni kweli mimi pia nilianza kucheza mwezi uliopita, lakini hilo halihusiani. Faili HJM/2.

Jioni mama mkwe alikwenda kumtembelea shoga yake. Nikachukua kiti changu nikakibana kwenye kitasa cha mlango, asije akarudi ghafla. Kwa hiyo nilicheza nimesimama wima kama askari wa gwaride. Kona ya tatu nikapita. Nimeshinda!

Ushahidi huo hapo. Mama mkwe hayupo, mtandao upo. Nilimweleza mke wangu kwa heshima zote. Akasema nikirudia maneno hayo mbele ya mama yake nitalala na cherehani kwa jirani.

Alhamisi, 7 Agosti

Mtego! Simu yangu ya zamani nimeifunga kwa mpira kwenye mguu wa meza, chini kabisa, ikielekea ruta na ekstensheni yake. Inarekodi kila kitu. Simu imefunikwa na kitambaa cha meza. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi akifuma, na mimi nikamruhusu abaki, ili nimnase.

Kona ya tatu. Mtaroni. Moja kwa tatu! Kalamu Mbili akishinda moja tu tena, meza imekwenda. Lakini safari hii sikukasirika. Nilichomoa simu kwa furaha, nikawaita wote waje wamwone mhalifu.

Picha ni safi kabisa. Ruta iko sakafuni, imetulia. Kisha kutoka upande wa kiti unaingia mguu. Mguu wa kushoto! Unanyooka polepole, unajikaza, unaipiga plagi teke. Taa zinazima. Mguu unarudi ulikotoka kama haujafanya kitu.

Mama mkwe alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza, baba, huo si mguu wako? Mke wangu akasema kila gari likikata kushoto na mimi nakata kushoto, mwili mzima, ameniona siku zote.

Wanawake wana haraka. Mimi nilirudia kuitazama mara tisa. Ndara ya bluu. Ukanda umeshonwa kwa uzi mweusi. Hizo ni ndara zangu, sikatai.

Yaani mtu anavaa ndara zangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Ndara nimezifungia kabatini. Ufunguo nimeuvaa shingoni.

Niliporudi kutoka kazini nikamkuta fundi wa mtandao sebuleni. Mke wangu kamwita bila kunishirikisha. Akasema amechoka kuishi na mpelelezi, na meza hiyo ya dirishani na yeye anaitaka, maana nikiipata huenda nitaacha kurudi nyumbani na sura ya rafu.

Fundi alichungulia chini ya meza, sekunde tatu hivi. Akasema ekstensheni imelegea, plagi inacheza kama jino bovu, ikiguswa tu inakata. Akaihamishia ruta juu ya kabati, ukuta wa pili, kwenye soketi nzima. Akanishauri nisiishushe tena.

Nikacheza. Nimeshinda! Kona ya tatu ilipita kama siagi. Wote wakamshukuru fundi. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndara zilikuwa kabatini.

Halafu, sekunde tatu? Daktari hajui homa kwa sekunde tatu. Anayejua ugonjwa haraka hivyo huenda ndiye aliyeuleta. HJM/3.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshinda tena. Tatu kwa tatu! Mama mkwe alipiga kigelegele, nikafurahi kweli, nikamwomba radhi kwa ule ugonjwa. Mke wangu akasema kesho niguse gari tu, nisiguse kingine chochote.

Kisha ukaja ujumbe wa Kalamu Mbili. Ananipongeza. Ananitakia kila la heri kesho. Heri! Mtu aliyepima meza kwa rula!

Nikakaa chonjo. Nikaanza kukumbuka, kitu kimoja kimoja. Fundi wa mtandao alikuwa na kalamu mfukoni. Moja. Na jana asubuhi, kwenye kaunta ya ofisi, Kalamu Mbili aliniazima kalamu ya kusainia daftari, akabaki na moja. Ni kweli ile nyingine ninayo mimi hadi sasa. Lakini mwenye kalamu nyingi hawezi kukosa za kugawa.

Sasa naona njama yote. Wananiachia nishinde mbili ili nijisahau. Ruta wameipandisha juu, mahali ambapo siwezi kuiona nikiwa nimekaa, halafu kesho kwenye kona ya tatu wanaimaliza. Mimi wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa?

Jumapili, 10 Agosti

Mchana watu wa nyumbani walipokuwa wamejipumzisha nilishusha ruta. Nimeirudisha palepale chini ya meza, kwenye ekstensheni yake, karibu yangu, chini ya ulinzi wangu. Simu ya mtego nimeifunga tena. Ndara ziko kabatini, ufunguo shingoni, mimi peku. Nafasi ya adui haipo.

Saa kumi na mbili. Sijawahi kuendesha vile. Kona ya kwanza Kalamu Mbili simwoni kwenye kioo. Kona ya pili nimemwacha mbali mpaka nikamhurumia. Nikaiona meza. Nikaliona dirisha, na mvua upande wa pili wa kioo. Kona ya tatu, nikakata kushoto kwa moyo wangu wote.

Taa zikazima.

 Mke wangu alitazama juu ya kabati, akatazama chini ya meza, akaenda kukunja nguo ambazo zilishakunjwa. Mama mkwe aliniletea chungwa lililobaki. Nilishindwa kulimenya. Naumia, sitaki kuficha. Miaka kumi na mmoja.

Jumatatu, 11 Agosti

Kalamu Mbili amehamia dirishani. Amepanga trei yake, ikaenea. Saa nne akaniita, akasema nikitaka kuangalia nje wakati wowote nije tu, asogeze kiti. Nikamjibu kwamba nina kazi. Saa tano wenzangu wakaingia wamelowa.

Jioni nilikaa na picha za jana. Nikakuza, nikasimamisha, nikaandika. Mguu wa kushoto. Peku, kwa hiyo hadithi ya ndara imekufa na yeyote aliyeiamini ajilaumu mwenyewe. Kidole cha pili kirefu kuliko gumba. Kovu dogo kwenye kifundo. Mke wangu aliegemea mlangoni akaniomba nitazame mguu wangu mwenyewe. Nikautazama, kwa haki. Kidole cha pili kirefu kuliko gumba.

Basi ikanijia. Mguu huu ni wa ukoo wetu! Ni mguu wa marehemu baba, na baba alituachia watoto wawili tu. Mimi niko hapa. Kovu hata mimi ninalo, lakini mtu akitaka kovu atashindwa kulipata?

Nimefungua faili HJM/4: Kaka.

Anakaa mbali, siku nzima kwa basi, ndiyo maana sikumfikiria mapema. Nimempigia simu. Sikupayuka. Nimemsalimia vizuri, nimeuliza hali ya shemeji na watoto, kisha nikamwomba aniambie, bila kuzunguka, jana saa kumi na mbili jioni mguu wake wa kushoto ulikuwa wapi.

Akanyamaza.

Mtu asiye na hatia ananyamazia nini?